Kompyuta Iliyowekwa Amana

Mjukuu wangu Raudha aliwachapia watu barua na kadi za harusi kwa kompyuta iliyokaa sebuleni kwangu, Mwananyamala. Jirani yetu Mzee Kasiani alikuja jioni nyingi kumsimulia maisha yake, ili ayaandike kwa ajili ya wanawe walioko Songea. Alimaliza, na tulikuwa tunasubiri utepe mpya wa wino wa printa tuyachape, alipopata kiharusi. Akili ilibaki, maneno yakaondoka.

Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu. Kompyuta ikanuka kuungua, ikazima.

"Diski imekufa, bibi," Raudha alisema. "Maneno ya mzee yamebaki kwenye ile amana tu."

Siku mzee alipomaliza, Raudha aliinakili kompyuta yote, kama ilivyo, kwenye diski nyingine. Akanipa diski hiyo pamoja na flopi ya kuiwashia kompyuta, akaniomba nivitoe nje ya nyumba, wezi wasije wakabeba vyote. Nikavifunga kwenye kanga, nikaviweka amana kwa Filomena, mwalimu kutoka Bukoba, nyumba ya pili.

Sasa Raudha aliazima diski tupu, akaifunga ndani ya kompyuta, akaenda kuchukua amana. Akarudi mikono mitupu.

"Amekataa. Anasema alipokea kwako, atarudisha kwako."

Nikajikongoja na magoti yangu, Raudha nyuma yangu.

"Shikamoo, bibi. Nisamehe kwa kukuinua," Filomena alisema. "Si uliniambia nisimpe mtu mwingine?"

"Hata mke mwenzangu huyu?"

"Hasa huyo. Ana haraka."

Akafungua kabati la sahani zake za harusi. Fundo la kanga lilikuwa vilevile nilivyolifunga. Akanishika mkono hadi nyumbani.

Raudha akaiunganisha diski ya amana, akatia flopi. Kioo kikawaka, herufi nyeupe kwenye weusi.

"Sasa hivi haijui lolote, bibi. Hii flopi imeiamsha tu."

Kisha ile nakala ikaanza kumiminika kwenye diski mpya. Tulisubiri kama watu waliokaa nje ya chumba cha mama anayejifungua. Ilipowaka tena, kila kitu kilikuwa mahali pake, hata kadi ya harusi iliyokatikia kwenye jina la bwana harusi. Sikujua kwamba kitu kilichoungua kinaweza kurudi hivyo, kizima, bila kovu.

Filomena akaenda kumleta mzee, akamkalisha karibu. Raudha akasoma:

"Wanangu, mama yenu nilimkuta kisimani. Alivicheka viatu vyangu."

Mzee akainua kidole, akaonyesha palepale. Raudha akarudia. Mabega ya mzee yakatikisika, alikuwa anacheka.