Kichwa Nilichokipaka Mafuta

Nimesuka vichwa kwa miaka kumi na tisa, na bado mteja akivua kitambaa nikakutana na harufu ya jasho lililolala, kinyaa hunishika. Huwa namwomba Mungu uso wangu usionyeshe. Mara nyingi hunisaidia.

Mwalimu wa chekechea aliingia saluni Jumamosi asubuhi, kitambaa kimekazwa hadi kwenye nyusi. Alisubiri kiti changu kiwe wazi, kisha akaninong'oneza. Mama wa mtoto mmoja alikuwa amemwona akijikuna darasani, akaona na vitu vyeupe mabegani, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule kusema mwalimu ana chawa. Mkuu alimwambia asikanyage darasani Jumatatu mpaka msusi amkague na kuthibitisha kwamba hana. Asipothibitishiwa, nafasi yake ingepewa mwingine, na nyumbani kulikuwa na watoto wawili wanaoitegemea kazi hiyo.

"Niangalie tu, dada," alisema. "Ukiona ni chawa, niambie taratibu."

Alipofungua kitambaa nilimeza mate. Ngozi ya kichwa ilikuwa imefunikwa na magamba ya manjano, yamenata kama ukoko chini ya sufuria. Mengine yalikuwa yamebanduka yananing'inia kwenye nywele. Sikutaka vidole vyangu viguse pale pakavu. Nikachota mafuta nikampaka kichwa kizima. Kila mteja tunampaka kabla ya kumchambua nywele, ila siku hiyo nilipaka mengi, ili pawe na kitu kati ya ngozi yake na yangu. Ndipo nikaanza kugawa nywele kwa mkia wa chanuo.

Kila nilipogawa, nukta nyeupe ziling'aa. Nikapuliza, hazikuruka. Nikazikung'uta kwa kucha, hazikuanguka. Kazi yangu imenifundisha kwamba mba ukiipuliza inakwenda zake, lakini yai la chawa hung'ang'ania unywele. Mwili ulinisisimka mpaka shingoni. Sikumwambia taratibu. Nilirudisha mikono nyuma nikasema, "Ni chawa."

Mama Pacha, msusi mwenzangu, aliacha kichwa alichokuwa anasuka, akazoa machanuo yote na kuyatumbukiza kwenye beseni la maji ya dawa. Akauliza tangu lini watu wanakuja saluni na mifugo. Mteja wake alicheka, kisha akakumbuka kwamba taulo la mabegani mwake lilitoka kwenye kiti changu. Aliondoka nusu ya kichwa hakijasukwa. Aliyekuwa chini ya draya akamfuata, rola zake kichwani.

Mwalimu alikishika kitambaa chake mapajani, anakikunja na kukikunjua. Mimi nilikwenda kunawa. Nilinawa mpaka viwikoni, nikasugua chini ya kucha, na maji yakashuka na vile vijigamba. Ndipo nilipoviangalia vizuri. Kimoja kidogo kama punje ya chumvi, kingine kipana, kingine kimejikunja kama ganda la kitunguu. Mayai ya chawa hayako hivyo. Yenyewe hulingana kama shanga, na kila moja limegandishwa ubavuni mwa unywele, karibu na ngozi. Haya magamba yalikwenda na sabuni bila ubishi.

Nikaelewa nilichofanya. Mafuta yangu ndiyo yaliyoibandika ile mba kwenye nywele. Msusi hukagua kichwa kikiwa kikavu, na mimi nilikuwa nimekipaka kwanza kwa sababu ya kinyaa. Nikaomba msamaha kwa Mungu pale pale kwenye sinki, maana kwa mwalimu nilikuwa bado naona aibu.

Nilimwita mwalimu kwenye sinki, nikamwosha kichwa mara mbili. Maji yalitoka mazito, yananuka mafuta yaliyochacha, na tundu la sinki likaziba kwa utando wa kijivu nilioutoa kwa vidole. Nilimkausha, nikamketisha mlangoni penye jua, nikamchambua unywele kwa unywele, nyuma ya masikio na kisogoni, chawa wanakopenda kujificha. Karibu saa nzima. Magamba yaliyosalia niliyapuliza, yakaruka, moja likanitua mdomoni. Nilitoka nje nikatema, nikarudi. Sikuona yai wala chawa.

Nilipompigia simu mkuu wa shule, alikuwa ameshasikia. Yule mama wa rola ni jirani yake. Alikuja mwenyewe, akasimama nje ya kizingiti, mkoba ameukumbatia kifuani. Nikamweleza habari ya mafuta.

"Asubuhi umesema chawa, sasa unasema mba," alisema. "Nikuamini wewe yupi?"

 Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Nikachukua kitana, kile chenye meno ya karibu karibu, nikakipitisha kwenye nywele zake kuanzia kisogoni. Kilikwaruza ngozi, kikatoka kimejaa magamba. Nilimwomba Mungu aniondolee kinyaa, hakukiondoa, na mkono wangu ukakipeleka kitana kichwani kwangu hivyo hivyo. Nilikivuta taratibu kutoka utosini mpaka shingoni, mara mbili, mbele ya macho yao.

Mkuu alifunika mdomo kwa kiganja. "Basi, mama, basi," akasema. Akamwambia mwalimu aende akapate dawa ya hiyo mba, na Jumatatu saa moja awe darasani.

Mwalimu alifunga kitambaa chake bila haraka. Safari hii hakukikaza mpaka kwenye nyusi.

"Ungeanza kwa kuangalia, dada," aliniambia, akatoka.

Nilibaki nimesimama na magamba yake kwenye nywele zangu. Nilijua ni ngozi tu iliyokufa, na bado nilihisi kitu kinatembea nyuma ya sikio. Mate yalinijaa mdomoni. Mama Pacha alifungua maji, akavaa glavu mbili mbili kila mkono, akaniambia niinamishe kichwa.