Mke Mwenza wa Kioo

Mtu aliyebisha hodi Jumamosi ile saa nne asubuhi alikuwa amebeba ndoo tupu yenye kifuniko, na ndoo yenyewe ameivalisha sweta la mtoto. Mpishi alimchungulia kwenye upenyo wa mlango, akampima. Si muuza sabuni, maana muuza sabuni huanza kuongea kabla ya salamu. Wala si mkusanya chupa, maana viatu vimepigwa rangi. Mgeni akasalimu, akauliza kama hapa ndipo kwa Mwalimu, kisha akasema, "Basi wewe ndiye shemeji."

"Ushemeji umeanza lini?" Mpishi akamjibu. "Mimi sikujui hata kwa dawa."

Mgeni akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyelala vizuri. Alisema yeye ni fundi wa majokofu. Alijuana na Mwalimu kwenye duka la samaki wa mapambo miaka mitatu iliyopita, na sasa amempigia simu mara nyingi bila kupokelewa. Mpishi akamweleza, kwa maneno machache aliyokwisha kuyazoea, kwamba simu ya mumewe imezimwa na mwenyewe haongei. Kiharusi kilimwangusha darasani wiki sita zilizopita, chaki mkononi. Ulimi umekufa, upande wa kulia umekufa. Umebaki mkono wa kushoto, na macho.

Fundi akaitua ndoo chini. "Pole sana, shemeji," akasema, na safari hii Mpishi hakuukataa ushemeji.

Alimkaribisha kwa sababu mgonjwa hafungiwi wageni, lakini moyoni hakutaka mtu yeyote aione sebule yake siku zile.

Tangi lilichukua ukuta mzima, kioo kirefu kama kitanda, limejaa maji ya bahari ya kutengeneza, na ndani yake matumbawe hai. Watu wengi hudhani tumbawe ni jiwe au ua. Mwalimu alikuwa akiwasahihisha wageni kwa furaha ya mtu aliyepata darasa siku ya mapumziko: ni mnyama, tena kijiji kizima cha wanyama, kila mmoja na kinywa chake, na maji yakiharibika hawana miguu ya kukimbilia. Kwa miaka tisa alilihudumia tangi lile kama mzazi. Pazia la sebule lilingoja taa ya tangi inunuliwe kwanza, safari ya ukweni ilingoja pampu. Ni Mpishi mwenyewe aliyelipachika jina la mke mwenza, na jirani wa nyumba ya pili akalidaka. Hadi leo wakikutana kwenye kamba ya nguo jirani humuuliza, "Mwenzio ameamkaje?" Zamani Mpishi alijibu kwamba ameamka na maringo yake. Siku hizi anasema tu kwamba yupo.

Hata hivyo, asingekuwa mkweli kama angedai hakuwahi kulipenda. Iko siku Mwalimu alimwita kutoka jikoni, mwiko bado mkononi, amwonyeshe samaki wawili wa rangi ya chungwa walivyotaga mayai kwenye jiwe na sasa wanayapepea kwa mapezi, kwa zamu, kama watu wanaopuliza moto. Walisimama pale hadi chakula kikaungua. Na lilikuwepo lile tumbawe la kijani, lililokuja nyumbani likiwa kipande cha ukubwa wa ukucha, likachipua tawi moja, likachipua la pili, hadi likawa kama kiganja kinachopunga. Kila tawi lilipoongezeka Mwalimu alilitangaza mezani kama baba anayetangaza jino la mtoto.

Baada ya kiharusi, Mwalimu alikataa kula kitandani. Alifumba mdomo tu. Siku Mpishi alipomketisha kwenye kiti mbele ya tangi, mdomo ukafunguka, na macho yakaanza kumfuata samaki huku na huku. Daktari alisema kile anachokifuata kwa macho asinyang'anywe, maana huenda ndicho kamba inayomshika. Mpishi akaapa mbele ya kioo kwamba mke mwenza hatamfia mikononi.

Na sasa alikuwa anamfia.

Walianza konokono, wakadondoka kwenye kioo mmoja mmoja. Akafuata kamba mdogo mwekundu. Kisha matumbawe yakaanza kupauka kutoka chini kwenda juu, ngozi ikichubuka na kuacha mfupa mweupe kama chaki, na juu ya mfupa ukaota ukoga. Samaki nao walianza kuhema kwa shida. Mpishi aliosha sponji, akapunguza chakula, akafupisha saa za taa, akabadilisha pampu. Alifungua daftari la mumewe, akakuta tarakimu na vifupisho visivyo na mkalimani. Mwisho alipiga magoti akalisalia tangi, jambo ambalo kama jirani angeliona angelisimulia hadi uzeeni. Jumamosi ile lilibaki la kijani peke yake, nalo nusu yake ilikuwa mfupa. Matawi matatu ndiyo yaliyokuwa bado na rangi. Mpishi aliyahesabu kila asubuhi kabla hajafungua dirisha.

Fundi alimshika Mwalimu mkono wa kushoto, akampa pole. Kisha akageuka kutazama tangi, na Mpishi akaona uso wake unavyobadilika.

Alimwuliza anavyofanya kila siku, hatua kwa hatua. Mpishi akaona heri amwonyeshe. Maji ya tangi, alisema, hupungua kila siku kwa joto la taa, kama nusu kidole. Basi yeye huyajaza. Kuna ndoo mbili, nyeupe ya maji matupu yaliyochujwa na ya buluu ambayo Mwalimu alizoea kukorogea chumvi. Yeye hukoroga chumvi vilevile na kutumia ya buluu, maana maji ya bahari hujazwa kwa maji ya bahari, hilo halihitaji shule. Akaiinua ndoo ya buluu aonyeshe. Nyuma yake mkono wa Mwalimu ukaanza kugonga kiti, ko, ko, ko.

"Anafanya hivyo kila siku," Mpishi akasema, karibu atabasamu. "Akiona ndoo hii tu. Ananihimiza."

Fundi hakutabasamu. Alitoa mfukoni kipimo kidogo cha kuchungulia kama darubini, akadondoshea tone la maji ya tangi, akakielekeza dirishani. Mstari unatakiwa usimame kwenye thelathini na tano, alisema. Akampa Mpishi achungulie mwenyewe. Mstari ulikuwa umesimama kwenye arobaini na tano.

"Shemeji," akasema taratibu, "mchuzi ukisahauliwa motoni ukakauka, chumvi yake inakwenda wapi?"

Mpishi alikuwa amepikia watoto wa shule kwa miaka ishirini na sita, kwa masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Alikuwa amewafokea wasaidizi wangapi kwa kuongeza chumvi kwenye mchuzi uliokauka badala ya maji? Maji hupaa, chumvi hubaki. Ndoo ya buluu ilikuwa ya kubadilishia maji siku za Jumapili. Ya kujazia ilikuwa nyeupe. Kila siku kwa wiki sita alikuwa amemwongezea mke mwenza chumvi juu ya chumvi, kwa upendo, kwa kipimo kilekile, bila kukosa hata siku moja.

Kisha jambo la pili likamfikia, zito kuliko la kwanza. Aligeuka akamtazama mumewe. Mkono ule haukuwa unamhimiza. Ulikuwa unamkataza, wiki sita, ko, ko, ko, na yeye akimjibu, "Ndiyo, mume wangu, namimina, tulia."

Akaifunika ndoo ya buluu, akaikalia. Hakulia. Aliuliza tu kama kuna dawa.

Fundi alisema ipo, lakini haitaki pupa. Atoe jagi moja la maji ya tangi asubuhi na moja jioni, aweke maji matupu mahali pake, na kujazia atumie nyeupe daima. Akiishusha chumvi kwa siku moja atawaua waliobaki kabla ya magharibi. Baada ya wiki mbili ataona. Ataona kama kuna atakayepona.

Ndipo akaikumbuka ile ndoo yenye sweta, akauliza imekujia nini. Fundi akasema haina maana tena, akaanza kuifunga kifuniko. Mpishi akamwambia mgeni haondoki na neno tumboni. Basi akasema. Wafugaji wa matumbawe wana desturi yao: ukiwa na tumbawe zuri unalikata kipande, unampa mwenzio, ili siku lako likifa lisiwe limekufa duniani. Mwalimu alimkatia kipande cha lile la kijani, wakaahidiana. Langu likifa utanirudishia, lako likifa nitakurudishia. Mwezi wa tatu umeme wa mtaani kwake ulikatika siku mbili naye yuko safarini kikazi. Alirudi akakuta tangi lake limekuwa supu. Ameanza upya, maji yake sasa yametulia, na alikuja kuomba kipande.

"Lakini lililo gonjwa halikatwi," akamalizia. "Likikatwa linaweza kufa lote. Liache, shemeji. Ahadi ilikuwa ya watu wazima wa afya."

Mpishi alishukuru kwa kichwa. Matawi matatu. Hakuna cha kugawa hapa, alijiambia, na hakuna mwenye haki angemlaumu. Fundi akashika mshikio wa ndoo, akainuka.

Ko, ko, ko.

Wote wawili wakasimama. Mpishi alimwendea mumewe, akachuchumaa mbele ya kiti, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya chaki hakumjibia. Alimwuliza. "Unataka apewe?"

Mkono ukagonga mara moja, ukatulia.

Akaweka kidole kwenye kioo, kwenye tawi dogo la pembeni, lililoanza kupauka kwenye shina. Mkono ukanyamaza. Akasogeza hadi la kati. Ukanyamaza. Lilibaki moja tu, refu, la upande wa kiti, ambalo vinywa vyake vyote vilikuwa bado wazi, na ambalo macho ya Mwalimu yalitua juu yake kila akimeza kijiko. Kidole cha Mpishi kilisita njiani. Angeweza kukiondoa. Angeweza kumgeukia Fundi na kusema mgonjwa amechoka, haeleweki, na hakuna mtu duniani ambaye angemsuta, kwa kuwa mwenye kujua ukweli hana ulimi.

Akakisogeza hadi kwenye tawi refu. Mkono ukagonga.

"Hilo ndilo zima peke yake," akamnong'oneza. "Likienda utatazama nini?"

Macho ya Mwalimu yaliondoka kwenye tangi, yakaja usoni pake, yakakaa hapo.

Koleo la kukatia lilikuwa kwenye droo ya Mwalimu, limepakwa mafuta. Fundi alinyoosha mkono alipokee, lakini Mpishi akakunja mkono wa gauni, akatumbukiza mkono wake mwenyewe hadi kwenye kiwiko. Maji yalikuwa vuguvugu. Alishika shina chini kidogo ya rangi na kubana. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya kuvunja sukari guru. Wakaliweka ndani ya ndoo pamoja na maji liliyoyazoea, Fundi akalivuta sweta hadi juu. Mlangoni alisema likiota vitawi vitatu vya ukubwa wa ukucha atarudi na kimoja. Mpishi alimwambia aende haraka lisipoe.

Aliporudi, mahali palipokuwa na tawi palikuwa na kidonda cheupe, na matawi mawili yaliyobaki yalikuwa yamefunga vinywa vyote kwa mshtuko. Alikivuta kiti cha mumewe karibu zaidi na kioo. Akachota jagi moja la maji ya tangi, akalimwaga nje. Kisha akasimama kati ya ndoo mbili, akainua ile nyeupe polepole, ili aonekane vizuri, na akangoja.

Mkono haukugonga.

Akamimina.