Mke Mwenza wa Kwenye Ramani

Kila Jumamosi baada ya chai, Patrobas Wakoli, mwalimu wa jiografia, aliondoa vikombe mezani akatandaza ramani ya zamani ya msitu wa Kakamega, ya enzi za machimbo ya dhahabu ya wakoloni. Mkewe, Marion, aliketi kando akichambua sukuma wiki. Nyumba yao ya Kaloleni ilikuwa finyu, kwa hiyo vilima vilipoanza kuinuka kwenye karatasi, ilibidi Marion asogeze sufuria.

Vilima havikumsumbua. Ukungu nao aliufuta kwa kitambaa. Kilichomkera ni kidole cha mumewe. Kilitambaa juu ya kontua, ile mistari ya miinuko, kikipanda na kushuka, kwa upole ambao Marion hakuuonja tena tangu Nabiswa, kifungua mimba wao, azaliwe. Kisha Patrobas aliinama, akaingia kati ya miti, na kurudi jua likizama, akinuka moshi wa jiko la mtu.

"Baba Nabiswa, huko unapikiwa na nani?"

"Mideva. Ananipa chai tu."

Chai tu! Wivu ulimla Marion wiki nzima. Jumamosi iliyofuata, mumewe alipokwenda mazishini Bungoma, alijifunga leso mpya, akapaka midomo rangi, akatandaza ramani, akaingia mwenyewe.

Alimkuta mwanamke kijana, mrembo kuliko alivyohofia, ameketi mahali ambapo ramani ilionyesha miti mitupu.

"Wewe ndiye unayeninyang'anya mume?"

"Wako simtaki, dada. Namngoja wangu. Yuko chini hapa na wenzake. Shimo la dhahabu liliporomoka, wenye kampuni wakalifukia, na kwenye ramani wakapaka kijani juu."

"Sasa Baba Nabiswa anafuata nini kwako?"

"Nilimwomba anisomee ramani, anionyeshe mlango wa shimo. Anautafuta. Haukuchorwa."

Marion akaweka sikio ardhini. Sururu zilikuwa zikigonga, taratibu, kama za watu wasio na haraka. Wivu wa kwanza ukamtoka, ukaingia mwingine mkali zaidi: huyu amengoja tangu ukoloni, na bado anatamka "wangu" kama bibi harusi.

Mwaka huu ramani mpya imechapishwa. Mahali pale pamepakwa kijani kilichokolea zaidi.

Siku hizi Mideva ndiye anayekuja Kaloleni kusikiliza kontua zikisomwa, bado akiutafuta ule mlango. Marion humkaribisha vizuri, humtilia sukari ya kutosha, kisha huvuta kiti chake na kuketi kati ya mgeni na Patrobas.