Mikwaruzo Mitatu Chini ya Kitasa

Nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Ilikuwa harufu ya ukucha uliosogezwa karibu na moto, na kila anayeng'arisha magari kwa riziki yake anaijua: vanishi ya juu imekwisha, sasa inaungua rangi yenyewe. Nikazima mashine. Pedi ilizunguka mara mbili tatu kivivu, ikatulia. Kwenye mlango wa abiria, chini kidogo ya kitasa, palikuwa na doa la ukubwa wa kiganja cha mtoto, limefubaa, na pale bati linapojikunja praima, ile rangi ya msingi ya kahawia, ilikuwa imechungulia.

Mikwaruzo mitatu niliyokuwa nikiifukuza tangu asubuhi ilikuwa imeondoka. Imeondoka na ngozi yake.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne. Kazini waliniita Kioo, kwa sababu gari likipita mikononi mwangu ungeweza kujichania nywele mlangoni mwake, na jina hilo lilikuwa limenipanda kichwani kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Mikwaruzo ile ilikuwa na kina, imechimbwa na kitu kigumu. Fundi mwenye akili zake angepima unene wa rangi, angeilainisha kiasi, kisha angemwambia mwenye gari kwamba hapa ndipo tunapokomea. Mimi niliichukulia kama matusi. Niliondoa pedi laini nikaweka ngumu, nikaongeza mwendo, nikaegemea mashine kwa uzito wote wa bega.

Bosi alikuja, akainama, akapiga mluzi mdogo. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alifungua kabati akanipa kopo la krimu nzito yenye mafuta, ile inayojaza makovu ya rangi kwa muda, gari likaonekana zima mpaka mvua na sabuni zilifikie.

"Paka, futa, mkabidhi mzee gari lake," akasema. "Mwenyewe anaona kwa kukisia."

Nami nikacheka. Hilo nalikumbuka kuliko mengine yote ya siku ile, kwamba nilicheka.

Mwenye gari alifika alasiri, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama wima. Alikuwa karani wa posta mstaafu, na watoto wake walioko mbali ndio waliomletea zawadi ile ya kusafishiwa gari ndani na nje. Alilizunguka mikono ikiwa mgongoni, kama mganga mkuu anayekagua wodi. Alipofika mlango wa abiria nikabana pumzi. Lakini hakutazama. Alinyoosha dole gumba, akalipitisha chini ya kitasa, mara moja, kisha tena, polepole zaidi, kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba asichokizoea.

"Mmeondoa kila kitu," akasema.

"Kila kitu, mzee," nikajibu, nikidhani nasifiwa.

Alirudi baada ya wiki tano. Mvua zilikuwa zimenyesha, krimu ilikuwa imeyeyuka, na doa langu lilikuwa limejitangaza lenyewe: limepauka, limeanza kuchubuka pembeni. Bosi alimpokea kwa uchangamfu wa mtu aliyekwisha kujiandaa. Akamweleza kwamba rangi ilikuwa nzee, kwamba gari lililetwa likiwa hivyo, kwamba karatasi aliyotia sahihi inasema hivi na hivi. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nasugua rimu ya gurudumu ambayo tayari ilikuwa safi.

Mzee hakubishana. Alisubiri bosi amalize, kisha akasema kwamba hakuja kwa ajili ya doa. Alitaka kujua kama kuna fundi anayeweza kuirudisha ile mikwaruzo.

Bosi akamwambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kusikia ombi la namna hiyo. Ndipo mzee akaeleza, bila kumlenga mtu yeyote, kana kwamba anaisomea meza barua ya mtu mwingine. Mkewe alikuwa mshonaji. Tangu miaka miwili nyuma kumbukumbu zilikuwa zikimtoka, kwanza majina, kisha njia. Gari lao lilikuwa la rangi ya fedha, kama nusu ya magari yote mjini, na siku moja kwenye maegesho ya soko mama huyo alikwenda kuvuta kitasa cha gari la watu. Mwenye gari akamwitia mwizi, watu wakajaa. Aliporudi nyumbani alichukua ufunguo wa stoo, akatoka nje, akachimba mistari mitatu chini ya kitasa cha mlango wake. Mzee alikasirika, alikaa siku mbili bila kusema naye. Siku ya tatu wakiwa wanatoka alimwona anapeleka dole gumba chini ya kitasa, analipitisha kwenye mistari, anatabasamu, anafungua mlango na kuingia. Toka hapo hakuwahi kukosea.

Sasa mkewe alikuwa amegoma. Alifika mlangoni, akapapasa, akasema hili si letu, tutaitiwa wezi. Kliniki yake ilikuwa kila baada ya wiki mbili, na alikuwa amekosa mara mbili.

Bosi akasema pole, akaingia ofisini.

Nilimfuata mzee mpaka getini. Nikamwambia kwamba nilijifunza kupiga rangi kabla sijajifunza kung'arisha, na kwamba Jumapili sina kazi, naweza kwenda kwake nikaurekebisha ule mlango.

"Wewe si ndiye uliyenikabidhi gari?"

"Ndiyo, mzee."

"Na aliyelisugua ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. "Ameshaacha kazi," nikasema. Ulimi ulinitangulia, nami nikauacha uende.

Jumapili hiyo nilifika kwake mapema kabla upepo haujaamka, nikiwa na kompresa ya kupulizia rangi niliyoazima kwa fundi rangi mmoja aliyenisisitizia mara nne nisiiangushe. Mzee alikuwa ameshamwaga maji uani ili vumbi lilale, bila mimi kumwambia. Niling'oa kitasa, nikafunika vioo kwa magazeti, nikaanza na msasa wa maji. Doa lilifunguka taratibu chini ya kidole, duara ndani ya duara: vanishi, rangi, praima, na katikati kabisa bati lenyewe, jeupe, dogo kama punje ya mchele.

Rangi ya fedha haina huruma. Imechanganywa na chembechembe za madini, kila chembe inalala upande wake, na ukipuliza kiraka tu kitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ilinibidi nipake mlango mzima na kuififisha rangi kwenye bati linalopakana nao, pumzi moja baada ya nyingine, nikisubiri kati ya tabaka na tabaka.

Katika kusubiri huko ndipo mke wa mzee alipotoka na kigoda chake, akaketi mbele yangu kama aliyekuja kuangalia mwanafunzi. Alikuwa mwembamba, nadhifu, na bado alikuwa na pini mbili ukosini mwa gauni. Alinisalimu kwa jina la mtu mwingine, nikaitika. Alinisimulia habari za mteja mmoja mnene aliyekataa kupimwa kiuno, na mimi nikacheka mpaka nikainamisha bunduki ya kupulizia rangi. Baada ya dakika kumi alinisalimu upya, akanisimulia tena, na kichekesho kilikuwa palepale, hakijapungua kitu. Kisha akauliza lile gari ni la nani. Mzee, aliyekuwa anakunja magazeti, akasema ni letu, mama watoto. Mama akatikisa kichwa kwa upole, kama unavyomkatalia mtu anayekuuzia kitu usichokihitaji.

Niliacha vanishi ikauke wiki nzima. Jumapili iliyofuata nililainisha mlango, nikaung'arisha kwa mkono, nikarudisha kitasa. Siwezi kujidai unyenyekevu ambao sikuwa nao: ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Ungesimama popote uani usingeona mahali rangi mpya inapokutana na ya zamani.

Mzee akatoa ufunguo wa stoo mfukoni. Aliuweka chini ya kitasa, kisha akaushusha. "Fanya wewe," akasema. "Una mkono. Mistari mitatu tu."

Nilishika ufunguo. Hakuna kitu kinachopingana na mwili wa fundi kama kuikwaruza kazi yake mwenyewe. Nikachora wa kwanza, mrefu, umelalia kulia. Nikachora wa pili, wa katikati, mfupi, na mwishoni nikaukunja kidogo kama ndoana. Nikachora wa tatu, nikapuliza unga mweupe, nikarudi nyuma kuutazama.

Nilipogeuka nilimkuta mzee haangalii mlango, ananiangalia mimi.

"Sikukwambia kwamba wa katikati ulikuwa mfupi," akasema.

Nilikuwa nimeitazama mistari ile asubuhi nzima chini ya taa kali, karibu kuliko alivyowahi kuitazama yeye. Ningeweza kuichora usingizini. Mara mama akatoka, amevaa vya kutokea, mkoba begani, kwa kuwa mzee alikuwa amemwambia wataenda matembezi.

Akaja moja kwa moja mlangoni. Dole gumba likapanda, likatua. Likapita mstari wa kwanza, wa pili, likafika kwenye ndoana, likasita. Likarudi nyuma. Nilikumbuka kwamba mkono huo ulikuwa umesoma pindo za nguo za watu kwa miaka arobaini.

"Hii siyo yangu," akasema. "Mtu ameniiga."

Mzee akamsogelea, akamshika kiwiko. Akamweleza kwa sauti ya chini kwamba watu wa gereji waliifuta kwa bahati mbaya, na kwamba huyu binti ameirudisha ilivyokuwa.

"Nani aliifuta?"

Mzee akanitupia jicho, kisha akamjibu mkewe. "Ameshaacha kazi."

Uongo wangu, katika kinywa cha yule mtu. Sijui kama alinipa nafasi au alinipa adhabu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi na bado sijui.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyeifuta. Niliona ni uchafu."

Alinitazama kwa makini, kama anayenipima mabega. "Pole," akasema, kwa upole wa kweli, kana kwamba jambo lenyewe lilinitokea mimi. Kisha akajifuta dole gumba kwenye gauni, akageuka, akarudi ndani na mkoba wake.

Mzee alichukua ufunguo mkononi mwangu. Akaanza kukunja mpira wa kompresa, mzunguko juu ya mzunguko, sawasawa, nami nikakusanya misasa na matambara bila kuinua uso. Alinisaidia kupakia vyombo. Alifunga hata kamba. Tulipofika getini ndipo alipozungumza.

"Ungeniambia siku ile nilipokuuliza," akasema, "ningekuleta hapa vilevile."

Jumatatu nilirudi kwa bosi, na nilikaa kwake miezi mingine minne, maana ujasiri wa Jumapili haufiki Jumatatu kirahisi. Siku hizi nina karakana yangu. Kabla sijawasha mashine namzungusha mwenye gari, namwonyesha kila alama, namuuliza ipi niiache. Wengi hucheka. Wachache hunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Mzee nilimwona mara moja tu tena, kabla mwaka ule haujaisha, kwenye maegesho ya hospitali nilikokwenda kumchukua shangazi. Gari lilikuwa safi. Yeye alisimama kando yake kwenye jua, shati limenyooka, ameshikilia dawa kwenye mfuko wa karatasi. Nilitaka kujitia sijamwona, lakini miguu ilikuwa imeshafika. Tukasalimiana. Nikamuuliza hali ya mama, akaelekeza kwa kidevu. Alikuwa ndani, kiti cha nyuma, mkoba mapajani, anatazama mbele kwa utulivu.

"Anakubali kupanda," mzee akasema. "Mlango wa nyuma. Anadhani ni teksi."

Nikasema afadhali kliniki hakosi, nikasikia jinsi maneno yenyewe yalivyo madogo.

Alihamisha mfuko wa dawa mkono hadi mkono, akatafuta ufunguo.

"Nyumbani tukifika ananishukuru," akasema. "Kila safari." Kisha akaingia upande wa dereva, akajifunga mkanda, akageuka nyuma kumuuliza mkewe anakwenda wapi.