Pua Mbili za Gari la Machibya

Haya wajukuu, nifumbulieni hili: nina mlinzi mwenye pua mbili, hanusi ugali wala maua, kazi yake kunusa moshi. Ukimtoboa pua moja, bwana wake hafiki aendako. Nani huyo? Mbwa? Mbwa gani ananusa moshi kutwa! Fikirini. Mie nitamtaja hapo mbele, maana hata Machibya hakumjua, na alikuwa amembeba mwenyewe.

Machibya ni Msukuma wa Kapalamsenga, mfugaji, mrefu, ana sauti ya kuitia ng'ombe. Mchana mmoja aliingia gereji ya mjukuu wangu Eufrazia, hapa Shanwe mjini Mpanda, uani kwangu, na gari la dizeli linalojikokota kama lina mimba. Taa ya injini inawaka. Akikanyaga mafuta, halivuti. Nami niko kibarazani napepeta mchele.

"Dada fundi, haraka! Leo natakiwa Mamba kabla jua halijashuka."

Alikuwa anakwenda ukweni. Mkewe Agatha, binti wa mzee Melkiadi, alikuwa amerudi kwao Mamba tangu wakati wa mavuno, na jioni hiyo wazee walikuwa wanakaa kikao juu ya ndoa yao. Machibya asipofika, ng'ombe wake wa mahari wanarudishwa na Agatha si wake tena. Na katikati ya safari kuna pori la hifadhi. Gari lile lingemlaza humo na mbung'o.

Nikamuuliza, "Baba, mkeo aliondoka kwa nini?"

"Aa, bibi. Mambo ya nyumbani tu."

"Wazee wa Mamba watakuuliza hilo kabla hujakaa kwenye kiti. Utawajibu mambo ya nyumbani?"

Machibya akaanza kulizunguka gari. Akaenda mpaka barabarani, akarudi. Akatazama jua, akatazama simu, akaitia mfukoni, akaitoa tena. Kuku wangu wote wakamkimbia.

Eufrazia akachomeka mashine yake ya kusomea gari. "Inalalamikia sensa, kile kipimo cha chujio la moshi," akasema.

"Si ndilo hilo! Fundi mmoja njiani kaniambia chujio limejaa masizi, likatwe litupwe. Kata, twende."

"Kaka, nyie Wasukuma ng'ombe akikohoa mnamkata mapafu?"

Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Machibya naye akataka kucheka, kisha akakumbuka jua.

Eufrazia akamwonyesha. Kwenye bomba la moshi kuna chujio la kushika masizi. Mipira miwili myembamba inatoka hapo, mmoja kabla ya chujio na mmoja baada yake, inapanda mpaka kwenye sensa ndogo kama kiberiti. Sensa inapima moshi unavyosukuma huku na unavyosukuma kule. Chujio likijaa, upande wa kuingilia unasukuma sana. Basi ndiye mlinzi wangu wa pua mbili huyo. Wewe uliyesema mbwa, nyamaza.

"Chujio lingekuwa limejaa, namba hii ingepanda," Eufrazia akasema. "Hebu kanyaga mafuta."

Machibya akakanyaga. Injini ikanguruma, mabati ya gereji yakatetemeka, namba ikabaki chini palepale.

"Umeona? Injini inapiga kelele, sensa inasema hakuna kitu. Gari haliiamini, ndiyo maana linajizuia nguvu."

"Basi sensa imekufa. Weka nyingine!"

"Hapa Mpanda niitoe wapi sasa hivi? Na sijamaliza kutafuta."

Machibya akasema neno la Kisukuma ambalo sitalitamka, akalipiga tairi teke. "Binti, unajua ninachopoteza leo?"

"Najua, kaka. Shika tochi."

Eufrazia akachomoa mipira yote miwili. Wa baada ya chujio akaupuliza, mzima. Ule wa kabla ya chujio akauziba ncha kwa kidole, akauzamisha kwenye beseni langu la maji ya kuoshea mchele, akapuliza. Mapovu! Kama tyubu ya baiskeli iliyochomwa na mwiba. Ufa ulikuwa karibu na ncha, moshi unavujia hapo kabla ya kufika kwenye sensa, na pale penye ufa mpira ulikuwa safi, unang'aa, wakati kwingine kote ni vumbi na mafuta.

"Hapa palifungwa kitu," Eufrazia akasema. "Nani alikitoa?"

"Mimi. Jana niliosha injini, nifike ukweni na gari safi. Nikakuta kipande cha tyubu kimezungushiwa hapo, nikaona uchafu, nikakata nikatupa."

"Na nani alikifunga?"

Tochi ikashuka mkononi mwa Machibya.

"Labda Agatha," akasema polepole. "Taa hii iliwahi kuwaka, wakati wa mavuno. Yeye ndiye aliyesikia kitu kinapuliza huko chini. Baadaye taa ikazima. Nikajua imezima yenyewe."

Eufrazia akakata ile ncha yenye ufa. Mpira uliobaki ulitosha urefu, akauchomeka na kuubana kwa klipu, akafuta lile kosa kwenye mashine. Wakakanyaga tena mafuta: namba ikapanda na mngurumo, wakaachia, ikashuka. Akalitoa gari hadi barabara kuu na kurudi, na lilivuta kama limefunguliwa kamba. Taa haikuwaka tena.

"Nenda," akamwambia. "Utawahi. Ukirudi nitakubadilishia mipira yote miwili."

Machibya akaingia, akafunga mlango. Mkono upo kwenye gia, injini inaunguruma, na mtu haondoki. Yule aliyetukimbiza mchana kutwa! Nikanyanyuka na ungo wangu, nikasogea dirishani.

"Bibi, uliniuliza Agatha aliondoka kwa nini."

"Naam, mwanangu."

"Wakati ule wa mavuno kaka zangu walikuja kututembelea. Agatha akasema mbele yao kwamba gari lisitoke kabla fundi hajalitazama. Nikamwambia anyamaze, mwanamke anajua nini cha gari. Wakacheka. Na mimi nikacheka nao." Akafuta uso kwa kiganja. "Kesho yake asubuhi akaondoka kwenda kwao na mikono imejaa masizi, wala sikumuuliza ametoka kushika nini."