Safu Moja, Cherehani Moja

Mtaani walimwita Injinia, na aliyetembea kifua mbele kwa jina hilo ni mkewe, fundi cherehani. Mume wake anatengeneza ramani ya mji mzima kwenye kompyuta, mpaka vichochoro! Ila programu ilianguka na kujifunga kila ilipoanza kuipakia, na Injinia akasema kompyuta ina memori ndogo. Mke hakuuliza mara mbili. Aliuza cherehani yake, ile aliyoachiwa na marehemu bibi yake, memori ikanunuliwa, ikafungwa.

Programu ikaanguka vilevile.

Jumamosi akaja Miwani, rafiki wa Injinia kazini, kutazama kulikoni. Nyumba ilikuwa imejaa mawifi, kila mmoja na ushauri wake.

"Bado ni king'ang'anizi huyu!" Miwani akacheka. "Shemeji, mumeo anazipanga nukta zote za ramani kwenye safu moja. Na lugha tunayoandikia programu ni kama mama mkwe: inakupangia vyombo na kukufagilia nyumba, lakini imeshaamua kuwa safu moja mwisho wake nukta bilioni mbili na ushei. Lete memori ya kujaza chumba, haivuki hapo. Si nilimwambia? Kata vipande, usome kimoja baada ya kingine. Hata ile memori ya zamani ingetosha!"

Mawifi wakaangua kicheko. Mke naye alianza kucheka, akaacha.

"Ulimwambia lini, shemeji?"

Miwani akamtazama rafiki yake, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. "Kabla hajanunua."

"Niliona kukata ni kushindwa," Injinia akanong'ona. "Nilitaka ikae nzima."

"Ungekuwa hujui, mume wangu, ningekusamehe hapa hapa mbele ya wifi zangu. Lakini ulijua, na ukanishikia mlango nikiitoa cherehani ya bibi."

Injinia akainamia kompyuta, akaikata ile safu, na jua halijazama ramani ikafunguka, mitaa yote.

"Njoo uone, mke wangu!"

Akaja, akaona. "Nzuri," alisema, na alimaanisha.

Kisha akakusanya vitambaa vya wateja ambavyo havijashonwa, akatoka kuvirudisha. Kila mlango aliulizwa kulikoni, fundi. Naye, asiyeishiwa maneno, alijibu tu kwamba siku hizi macho yanamsumbua.