Magitaa Yaliyolegezwa

Mke wangu ndiye aliyeanzisha darasa la bure la Jumamosi kwenye duka letu la vyombo vya muziki. Alikuwa akisema mtu hanunui gitaa kwa kuliona limening'inia ukutani. Lazima alishike, limuumize vidole, ndipo alipende. Basi alipanga vigoda kati ya kaunta na piano, akawafundisha watu kubadilisha nyuzi na kupiga nyimbo nyepesi. Mimi nilikaa kaunta nikauza. Yeye aliwavuta, mimi niliwafungia mzigo.

Alipofariki, Jumamosi ikawa kama siku nyingine yoyote. Watu walichungulia, wakanipa pole mlangoni, wakaenda zao. Chumba cha duka ni cha mama mkwe. Alivumilia, kisha siku moja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kuna mtu wa duka la dawa anakiulizia. Sitaki kukufukuza. Lakini duka bila watu ni stoo."

"Nipe Jumamosi moja, mama. Njoo uone mwenyewe."

"Nitakuja."

Nikaandika kwenye ubao wa nje: Warsha ya bure, njoo na gitaa lako. Asubuhi ya siku yenyewe nikayashusha magitaa yetu ukutani, nikayalinganisha na piano uzi kwa uzi. Nilimwona marehemu mara nyingi akibonyeza piano ile huku gitaa limeegemea kifuani pake, nikaamini ndiko alikochukua sauti. Sikuwahi kumuuliza.

Wakaja, wengi kuliko nilivyotegemea. Alikuja fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanafunzi wake wa mwanzo kabisa. Wakaja mtu na mkewe, na waimbaji wa kwaya, kila mmoja na gitaa lake. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara hana gitaa. Alikuja na kinanda chake cha mdomo. Mama mkwe aliketi karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Fundi cherehani akapiga uzi mmoja. Nikabonyeza piano. Sauti hazikupatana.

"Dada, gitaa lako liko juu. Lilegeze."

"Nimelirekebisha kwa programu ya simu leo asubuhi, shemeji."

"Simu haina masikio," nikasema kwa sauti, ili mama mkwe asikie kwamba najua ninalolisema.

Alinitazama kidogo, kisha akainama akalegeza. Nikaenda kwa wa pili: juu. Wa tatu: juu. Nikaanza kuuonja ualimu. Nikawaambia watu hununua vitu vizuri wakavichezea hovyo. Nikasema marehemu asingekubali uzembe wa namna hii. Hakuna aliyebisha. Nilipomtaja marehemu waliinamisha vichwa wote, nikadhani wanaona haya.

Nikafika kwa kinyozi. Akapuliza.

"Na hiki nacho kiko juu. Kirekebishe."

Alikigeuza mkononi, akakichungulia huku na huku. "Shemeji, nikirekebishe wapi? Hiki hakina cha kukaza wala cha kulegeza. Kimetoka kiwandani hivi, na nikifa mtanizika nacho hivi hivi."

Mmoja wa kwaya akajikohoza ili asicheke. Mimi nilikuwa nimebaki nimesimama. Kinanda kile kilikuwa kimetoa sauti ileile ya magitaa yao kabla sijawaambia wayalegeze.

"Piano ndiyo iliyo chini," nikasema.

Wakatazama magitaa yao.

"Mlijua?"

Fundi cherehani alijibu bila kuinua macho. "Marehemu alitwambia zamani. Nyuzi za piano zimechoka, ukizikaza zinakatika. Alikuwa akiipiga akitaka kuimba mwenyewe tu, maana ilimfaa ile sauti yake nzito."

"Sasa mbona hukuniambia, dada?"

"Umefiwa, shemeji. Nikasema moyoni, nitalikaza nikifika nyumbani."

Uso ukaniwaka. Walikuwa wamekuja kunipa pole kwa mara ya pili, na mimi niliipokea pole yao kwa kuwakaripia. Tena niliwakaripia kwa kumtaja mke wangu, juu ya jambo alilowaeleza wao, si mimi. Sikuthubutu kugeukia mlangoni, lakini sauti ikanifikia kutoka huko huko.

"Mwanangu aliwahi kuniambia," mama mkwe alisema, "'Mama, mume wangu angemuuzia kipofu kioo. Lakini akiimba, majogoo wananyamaza.'"

Hapo walicheka, kicheko cha watu waliojizuia muda mrefu. Kinyozi alishika mbavu. Hata mama mkwe alijifuta macho kwa upande wa kanga, na sikujua anafuta kicheko au kingine. Ningeona shimo ningeingia. Nilifikiria kuwaambia imetosha, asanteni, karibuni tena, kisha nifunge mlango nimkabidhi mama ufunguo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Badala yake nikachukua gitaa moja, nikavuta kigoda nikakaa katikati yao.

"Nisameheni," nikasema. "Nimewaharibia. Lakini nawaomba, kwa jambo hili msinionee huruma. Nikikosea niambieni palepale. Dada fundi, shika darasa wewe. Unifundishe na mimi."

Alisita, akamtazama mama mkwe, mama mkwe akatazama mkoba wake. Kinyozi ndiye aliyetuokoa. Akapuliza sauti moja ndefu, wakaanza kukaza upya, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Uzi wa yule aliyekuja na mkewe ukakatika, pa!

"Nyuzi bei gani hapa?"

Kabla sijainuka, mama mkwe alikuwa ameshaweka mkoba chini. "Ngoja nikuangalizie," akasema, akazunguka nyuma ya kaunta. Akafungua droo ya kwanza, siyo. Ya pili, siyo. Nikataka kwenda kumwonyesha.

"Kaa," fundi cherehani akasema. "Kidole chako cha pili kimelala. Kisimamishe."

Nikakisimamisha. Uso ulikuwa bado unaniwaka.